Kiti cha Dirishani

Kila asubuhi mapema, mkutubi alikuwa akifungua maktaba kimyakimya, anavuta kiti cha dirishani, anaacha kitabu wazi mezani, kisha anafunga na kurudi nyumbani kuwaandaa wanawe kwa shule. Saa ya kazi ikifika, anamkuta mlinzi ameganda nje ya dirisha.

"Dada, kimevutwa tena!"

"Na nani? Funguo si ninazo mimi?"

"Ndiyo hapo sasa!"

Mkutubi hakuwa mtu wa uongo. Lakini manispaa ilitaka jengo liwe ofisi, na mkaguzi hakumung'unya maneno: "Siku nikija nataka nikute ukumbi umejaa. Nikiona hata kiti kimoja kitupu, usinilaumu."

Na watu walikuwa wameacha kuja, wakati maktaba ni yao. Zamani manispaa ilitoa kuta na paa, basi. Mama yake mkutubi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuomba kila familia kiti kimoja. Ndiyo maana humo ndani hakuna viti viwili vilivyofanana: kuna cha kamba, cha saluni, cha jikoni. Cha dirishani alikileta mwenyewe, pamoja na vitabu, na alikikalia kila alasiri mpaka alipofariki, akisoma huku analowesha kidole kwa mate kila anapofunua ukurasa. Mama na binti waligombana kwa hilo tu, nyumbani, milango ikiwa imefungwa.

"Mama, unaharibu vitabu."

"Nimevileta mimi. Hata nikivila ni vyangu."

Sasa binti kamgeuza mzuka. Alijiambia kwamba mama angecheka.

Uvumi ukafanya kazi. Fundi viatu alikuja kuchungulia, akanaswa na kitabu cha safari za baharini. Wanafunzi wakaja makundi kwa makundi. Shangazi yake, aliyekuwa hajakanyaga pale tangu msiba, akaingia na miwani yake. "Nimekuja kumsalimia mamako," alisema, akajitafutia kiti mbali kabisa na dirisha.

Siku ya ukaguzi ukumbi ulifurika. Kila kiti kilikuwa na mtu, isipokuwa kimoja.

"Fundi, hamia pale dirishani."

"Pale? Dada, mimi bado nina watoto wadogo."

"Shangazi, nakuomba."

"Mwanangu, nakupenda, lakini si kwa kiasi hicho."

Akamtafuta mlinzi. Mlinzi alishatokomea. Jasho likaanza kumtoka mkutubi. Uongo wake umejaza ukumbi, na uongo huohuo ndio unaoufunga.

"Jamani, hakuna kitu pale! Ni mimi ndiye ninaye—"

Mlango ukafunguliwa.

Mkaguzi alipita kati ya meza taratibu, kalamu mkononi. Watu wote waliinamisha vichwa. Mkutubi alibaki kaunta, macho yamemganda kwenye kiti kile: kitupu, kimevutwa vilevile alivyokivuta alfajiri. Mkaguzi alifika dirishani, akasimama. Akainama juu ya kitabu. Akaguna, akanong'ona kitu, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

Aliporudi kaunta alipiga sahihi bila kukaa.

"Hongera. Umejaa."

Kumbe mtu huyu ana huruma, mkutubi alifikiri. Ameona na amefumba macho. "Asante sana, mkaguzi. Wema wako sitausahau."

"Wema gani? Nimeandika nilichoona." Alifunga kalamu yake, kisha akasogea karibu na kupunguza sauti. "Ila yule mama wa dirishani umkanye. Analowesha kurasa kwa mate. Nimemwambia anaharibu vitabu, ananijibu eti hata akivila ni vyake."