Sauti ya Siwatu

Mashine ya muziki ya Shomari ilikuwa moja, ila iliendesha programu mbili kwa pamoja: vidude vya kushoto vilipiga ngoma, vya kulia vilitoa sauti ya mkewe, Siwatu, iliyorekodiwa kabla hajapasuliwa koo na kuwa bubu. Harusini alikaa kando ya mumewe na maiki mkononi, akichezesha midomo tu.

"Wallahi, shoga, sauti yako haijachuja!" mwanamke mmoja alimpigia kelele, akipita huku anakata kiuno.

Siwatu alinyoosha mkono, akazungusha kidude cha sauti yake, kule kulia, mpaka ikafa. Ngoma zikabaki peke yake.

Shomari aliwatazama wageni kwa hofu. Hakuna aliyesita. Viuno viliendelea kuzunguka, vigelegele vikapigwa.

Akapeleka mkono airudishe sauti. Siwatu akaukamata, akaushikilia, huku midomo yake ikiendelea kuimba.