Mabano Yasiyofungwa

Kila siku saa nne kasorobo asubuhi, Gorreti aliharibu kazi yake mwenyewe.

Haikuchukua muda. Alifungua faili la majaribio, akashuka hadi mstari wa kumi na mbili, akafuta alama ya kufunga mabano, kisha akakaa kusubiri simu ya mama yake kutoka Mbale.

Ungemsimulia mtu yeyote pale ofisini Jinja, asingeamini. Gorreti ndiye aliyewatesa wenzake kwa sababu ya nukta iliyokaa vibaya. Kazi yake ilikuwa kujaribu hifadhidata ya watu waliopotea katika maporomoko ya udongo ya mlima Wanale. Orodha ilijazwa Mbale, programu ya kuisoma ilitengenezwa Jinja. Swali la kutafutia jina kwenye orodha liliandaliwa mara moja, likaachiwa nafasi tupu katikati. Ukiingiza jina kwenye nafasi ile, seva inakujibu: yu hai, amelazwa, amefariki, hajulikani alipo. Gorreti alikuwa amelijaribu kwa majina mia mbili na kumi na moja, na halikukwama hata mara moja.

Jina la mia mbili na kumi na mbili lilikuwa la Lawrence, mdogo wake.

Hilo alilitengea jaribio lake peke yake, na ndilo alilolivunja kila asubuhi. Ofisini hakumwambia mtu. Tangu baba yao, askari magereza, alipofariki, walibaki watatu tu. Mlima ulipoporomoka wiki tatu zilizopita, simu ya Lawrence ilizimika na haikuwaka tena. Gorreti aliogopa kujua. Zaidi ya hapo, aliogopa kuwa yeye ndiye wa kumwambia mama, mama mwenyewe ana presha, yuko peke yake kule juu. Na katika maisha yake yote hakuwahi kumdanganya. Kwa hiyo alihitaji jibu ambalo ni la kweli lakini halisemi kitu.

Simu ililia.

"Mwanangu, wewe nakula?" Mama alisema kile Kiswahili cha kambi za magereza, ndicho walichokulia.

"Nakula, mama."

"Na mtoto nacheza?"

Gorreti alishika tumbo. Miezi saba. Mimba mbili za kwanza hazikufika hata nusu ya hapo, ndiyo maana daktari alimkataza safari, na mama akamkataza kwa ukali zaidi: asikanyage Mbale, barabara ni matope matupu, majirani wamehamia kwa jamaa zao, hakuna cha kuja kuona.

"Anapiga mateke, mama."

"Mungu asifiwe. Na ile mashine? Leo nasema nini?"

Gorreti alibonyeza. Maandishi mekundu yakatokea: kosa la sintaksia, mstari wa 12.

"Bado iko na makosa, mama."

"Basi wacha. Usijisumbue. Kunywa uji." Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Viatu ya Lawrence nimempa Siraj wa wale jirani walihama, jana alikuja kuchukua vitu yao. Ilikuwa nakaa bure."

"Si neno, mama. Akirudi tutamnunulia vingine."

"Ndiyo," mama akasema. "Vingine."

Ijumaa programu ilitakiwa kukabidhiwa Mbale kabla ya saa sita mchana. Odero, Mkenya wa meza ya pili, alikuja na kikombe chake cha chai akiwa na furaha ya mtu anayemaliza kazi.

"Dada Gorreti, majaribio yote yamepita. Limebaki moja tu, na liko kwako." Aliinama kwenye skrini. "Ah! Ni mabano hayajafungwa. Wewe, wa kusahau mabano?"

Alicheka. Kisha akasoma jina lililokuwa ndani ya lile swali, akaona jina la ukoo ni lilelile la Gorreti, na kicheko kikamwisha.

"Pole, dada. Sikujua. Nikusaidie kulifunga?"

"Nitalifunga mwenyewe."

Odero alivuta kiti akakaa kando yake. Chai aliisahau mkononi.

Saa nne kamili simu ililia. Uji, ndiyo. Mateke, ndiyo. Akilini Gorreti alimwona mama akianguka peke yake jikoni, na hakuna hata jirani wa kumwinua.

"Mama, uko na mtu hapo karibu?"

"Niko na Mungu. Kwa nini?"

"Kaa chini kwanza."

"Nimekaa, mwanangu."

Gorreti aliirudisha ile alama, akabonyeza. Safari hii hapakuwa na wekundu. Ilitokea safu moja tu, nyeupe, iliyopangwa vizuri kama alivyoiagiza yeye mwenyewe.

Jina: Lawrence. Hali: amefariki.

Alijiziba mdomo kwa kiganja. Odero aliinamisha kichwa. Machozi yalianza kumtoka Gorreti, na bado alikuwa akitafuta neno la kuanzia, neno lolote ambalo mtu mwenye presha anaweza kulibeba. Alisogeza skrini kulia, pengine angeona alipozikwa, awe na kitu cha kumpa mama.

"Mwanangu? Mashine nasema nini leo?"

Kwenye kisanduku cha mwisho paliandikwa: Mwili umetambuliwa na Topista Nambozo, mama mzazi, siku ya pili baada ya maporomoko.

Gorreti alijifuta macho.

"Makosa, mama," akasema. "Bado iko na makosa."