Kiraka cha Shaba

Mastiki ya zamani ya kuzibia matundu ilibanduka kipande kizima kwenye mlango wa gari la baba yake, na chini yake Numbi akaona kiraka cha shaba.

Bati la mlango lilikuwa limeliwa na kutu, likisagika vidoleni kama unga. Kiraka hicho peke yake kilikuwa kizima. Akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, na herufi zikajitokeza: MADELEINE.

Alizijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyezigonga kwa msumari kwenye kibao cha kaburi, wiki ile waliyomzika mama yake. Mwaka mmoja baadaye kibao kilitoweka kaburini. Baba akawalaani wezi wa shaba, na nyumba nzima ikawalaani pamoja naye.

"Ile fasi uiache," baba yake alisema kutoka kwenye kiti chake barazani, akionyesha mahali pale kwa kidole. "Njo mimi nilifunga ile tundu."

"Ulifunga na nini, papa?"

Mzee aligeuzia macho tairi.

"Mvula ilikuwa inaingia," alisema.

Numbi aliweka msasa chini, akachukua patasi, akaipenyeza kwenye ukingo wa kiraka.

"Vaa viatu, papa. Tunaenda kwa mama."