Siku ya Kuandikisha Watoto

Siku ya kuandikisha watoto, Mzee Masanja alidamka kabla ya wote, akamshika mkono mjukuu wake Kabula mpaka shuleni. Nyamizi, mama wa mtoto, alifuata nyuma. Yeye alipokuwa na umri wa Kabula, mwalimu alipita kutafuta wanafunzi, na mzee huyuhuyu akamficha ndani ya kihenge cha mtama.

“Mtoto wa kike asiposoma ataishije?” mzee alimwambia mwalimu aliyekuwa akiandikisha.

Nyamizi alimgeukia. “Baba, mbona mimi hukunisemea hivyo?”

Mzee aliinama. “Sikujua, mwanangu. Nilidhani shule itakuchukua, usirudi kwetu.”

Kabula aliitwa darasani. Nyamizi alibaki nje ya dirisha, midomo yake ikifuatisha herufi pamoja na watoto, bila sauti.