Mabeseni Saba

Siku hiyo mjinga alikuwa muuzaji mwenyewe, Chande, na alirudi nyumbani akipiga mluzi. Asubuhi moja tu, mtaa mmoja, ameuza mashine saba za kufulia, zile ndogo za nyumba za vyumba viwili. Ya nane aliibeba begani, zawadi ya mkewe, Mwantumu, aliyewafulia watu nguo mpaka viganja vikachubuka.

Alimkuta ameketi kizingitini. Kando yake mabeseni saba yalikuwa yamepandana, makavu. Ni yale Mwantumu aliyokuwa akiyaacha kwenye nyumba za watu aliowafulia.

"Mama Zena, pumzisha mikono! Bei poa, haiharibiki ovyo, inakaa hata nyuma ya mlango!"

Mwantumu hakuitazama. "Umeuza mtaa gani?"

"Ule wa nyuma ya soko. Walinigombania kama mpira wa kona!"

Macho ya Chande yakatua kwenye mabeseni. Mluzi aliouanza tena ukamfia mdomoni. Miaka sita ya ndoa, hakuwahi kumuuliza anafua kwa nani.

"Si ungeniambia ndiko unakofulia?" akalalamika. "Haya, hii ni yako. Utafulia humu, hutachoka tena."

"Nguo za nani, Baba Zena?"