Magurudumu ya Dresa

Spoku ya kumi na saba haikulia kama zile nyingine. Mikidadi aliigonga tena kwa mpini wa spana, akasogeza sikio. Nyingine zote zilitoa mlio mkali wa waya uliovutwa. Hii ilikuwa bubu. Akaikaza kidogo, akaigonga, akaikaza tena, mpaka ikalia.

"Fundi, gurudumu hilo la pikipiki ulilikagua Jumatatu," alisema Awadhi, dresa, mganga msaidizi wa zahanati, aliyesimama kando na mkoba wake wa dawa. "Leo ni Alhamisi tu."

"Barabara ya Ruponda haijui Jumatatu wala Alhamisi," Mikidadi alijibu bila kumtazama.

Akaendelea. Spoku arobaini mbele, arobaini nyuma. Kisha akalizungusha gurudumu polepole, ameshikilia kipande cha chaki karibu na ringi aone kama itayumba na kuigusa. Haikugusa. Akalizungusha mara ya pili.

Karakana nzima ya mradi wa karanga pale Nachingwea ilimshangaa. Mikidadi alikuwa fundi wa matrekta, tena fundi hasa. Zamani pikipiki ya zahanati ilishikwa na yeyote mwenye nafasi. Lakini miaka miwili nyuma, siku chache tu baada ya kumzika mkewe Mwanne, alimwomba msimamizi kazi hiyo iwe yake peke yake. Hakuna aliyemwelewa, maana Awadhi ndiye aliyesemwa Ruponda nzima kuwa amemuua Mwanne.

Mwanne alijifungua Jumapili asubuhi, nyumbani kwao Ruponda, na damu ikakataa kukoma. Mtu akatumwa Nachingwea kwa baiskeli. Awadhi aliondoka papo hapo kwa pikipiki, sindano mkobani. Hakufika nusu ya njia. Gurudumu la mbele lilimporomokea, spoku zikakatika moja baada ya nyingine, ringi ikajikunja. Akainuka na goti lililochanika, akatembea maili nane. Mikidadi, aliyekuwa amekwenda nyumbani kama ilivyokuwa desturi yake kila mwisho wa juma, alikaa mlangoni siku nzima akiitazama barabara. Dresa alipotokea, wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha Mwanne. Mtoto naye aliishi siku tatu.

Watu wakasema Awadhi alikuwa akiendesha kwa sifa. Wengine wakasema alikuwa amelewa, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akinywa. Akina mama wa Ruponda wakaona heri kuwabeba watoto wenye homa kwa miguu hadi mjini kuliko kumwita yeye. Baba wa mchumba wake akaivunja posa. Awadhi hakujitetea hata siku moja.

Bi Sabaha, mama yake Mwanne, alifika karakana safari moja akamkuta mkwewe ameipigia magoti pikipiki ile.

"Mwanangu, huyu ndiye unayemtengenezea kila wiki? Mimi hata salamu yake siipokei."

"Wagonjwa ni wengi, mama."

"Mungu kakupa moyo alioninyima mimi."

Mikidadi aliinama akaanza kuitafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Mafundi wenzake hawakuuamini moyo huo. "Mwacheni," Shaban aliwanong'oneza wenzake. "Anaingoja siku yake. Spoku chache tu zikilegezwa, nani atajua?" Maneno hayo yakatembea, yakamfikia dresa mwenyewe. Hata hivyo, aliendelea kuileta pikipiki.

Alhamisi hiyo, Mikidadi alipomaliza na kujifuta mikono, Awadhi hakuipanda.

"Nimehamishwa," alisema. "Nimeomba mwenyewe. Nakwenda Ruangwa, na pikipiki nimeruhusiwa niende nayo."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Mikidadi aliitikia kwa kichwa.

"Nimesikia wanayosema, kwamba unataka kuniangusha. Kila nilipoipanda nilijiambia, ikiwa ni leo, basi ni haki yake. Siku ile nilikimbiza mno, fundi. Pikipiki siwezi kuisingizia. Gurudumu lile lilikuwa limekaguliwa hapa hapa jana yake. Ni mimi. Kwa miaka miwili nimeshindwa kukutamkia. Nisamehe."

Akapiga magoti, suruali yake nyeupe ikazama kwenye mafuta machafu ya trekta.

Mafundi wakaweka nyundo zao chini. Shaban alisogea karibu. Mikidadi alifungua kinywa, kikabaki wazi kama cha mtu anayetafuta neno la lugha aliyoisahau. Kisha akakifunga. Akamshika dresa kwapani, akamwinua.

"Nimekusamehe," alisema.

Awadhi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alijaribu kucheka, akashindwa, akaiwasha pikipiki na kushika njia ya Ruangwa. Wa kwanza kuja kumpa Mikidadi mkono alikuwa Shaban, macho chini kwa aibu. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, na mzee mmoja wa stoo akasema kwamba hajapata kuona mwanamume wa namna hii tangu azaliwe.

Mikidadi aliupokea kila mkono.

Jumamosi ile, siku moja kabla Mwanne hajajifungua, pikipiki ililetwa saa sita mchana kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa linayumba, na aliyeipokea alikuwa yeye. Alikuwa amekwisha kufunga kanga mpya ya mkewe kwenye baiskeli na alikuwa na haraka ya kufika Ruponda. Akaandika daftarini "limekaguliwa", akaondoka bila kugusa hata spoku moja.