Mkaguzi wa Mbao za Baraza

Kiboko alichoshwa na wageni kucheka nyufa za jengo la baraza, akaamua kulivisha mbao kuta zote za nje. Akamteua Mchwa awe mkaguzi, maana nani anazijua mbao kumshinda?

Mchwa alionja kila ubao. Mvule aliutema: "Mchungu, mheshimiwa, rudisheni." Msonobari aliusifu huku mate yakimtoka.

"Mzee, fisi umempa bucha," alinong'ona Kigogota, fundi.

"Wewe gonga misumari!" Kiboko akamfokea.

Siku ya uzinduzi Kiboko alikata utepe, akaegemea ukuta apigwe picha. Mbao zikamwagika kama unga, nyufa zikabaki zinachungulia.

"Mchwa! Si ulisema mbao nzuri?"

Mchwa akafuta mdomo. "Nzuri sana, mheshimiwa. Zimebaki?"